Asilimia 90 ya nini? Madini asilia na maji ya dampo

Tangu mlima wa taka wa Kiteezi, pembezoni mwa Kampala, ulipoporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua zaidi ya watu 30, viongozi wa miji ya Afrika Mashariki wamelazimika kuzungumza kwa uzito zaidi kuhusu madampo yao: yapi yafungwe, yapi yahamishwe, na yapi yajengwe upya kitaalamu. Ndani ya mazungumzo hayo yamechomoza matumaini ambayo awali yalikuwa ya watafiti pekee, kwamba zeolaiti, bentonaiti na kaolini (aina mbili za udongo mfinyanzi) na mawe ya volkeno, ambayo ardhi yetu inayo, yanaweza kusafisha maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye taka. Kila baada ya muda hutokea taarifa kuwa madini fulani yameondoa asilimia 90 au zaidi ya amonia au ya metali nzito katika sampuli, na taarifa hiyo husambaa kana kwamba suluhisho limepatikana na kilichobaki ni kuagiza malori. Nyingi ya taarifa hizo ni za kweli, na bado zinaeleweka vibaya. Madini asilia yana kazi halisi katika kusafisha maji ya dampo, lakini kazi hiyo inakuja mwishoni, baada ya maji yenyewe kupunguzwa na baada ya bakteria kuondoa sehemu kubwa ya uchafu. Tukiyatanguliza, au tukiyategemea peke yake, tutaishia kuwa na lundo la pili kando ya lile la taka, yaani lundo la madini yaliyoshiba sumu.

Maji ya dampo hutokana hasa na mvua. Inaponyesha juu ya taka zisizofunikwa, sehemu ya maji hutiririka juu juu, sehemu hugeuka mvuke, na iliyobaki hupenya ndani ya lundo, ikayeyusha na kubeba kila inachokutana nacho hadi chini. Katika miaka ya mwanzo ya dampo maji hayo hujaa asidi za mabaki ya vyakula vinavyooza, na uchafu wake mwingi unaweza kuliwa na bakteria. Baadaye lundo hukosa hewa kabisa, vijidudu vinavyotengeneza methani vinatawala, na sura ya maji inabadilika: asidi nyepesi zinapungua, zinabaki asidi nzito za humasi zinazoyapa rangi ya kahawia iliyokolea, na amonia inapanda, mara nyingi hadi kati ya miligramu 500 na 2,000 kwa lita. Amonia ndiyo inayopaswa kututia hofu kuliko kitu kingine, kwa sababu ndani ya lundo lisilo na hewa haina njia ya kuharibika. Hutoka tu pamoja na maji, kidogo kidogo, kwa miongo mingi baada ya lori la mwisho kuondoka.

Dar es Salaam inapaswa kulijua hili kuliko miji mingi. Mwaka 1988 Joseph Kessy na wakazi wenzake wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya moshi na harufu ya dampo lililokuwa mlangoni kwao, wakashinda katika Mahakama Kuu, na kesi yao ikawa mojawapo ya nguzo za sheria ya mazingira nchini Tanzania. Taka zikahama. Zilipita Vingunguti, kwenye bonde la Msimbazi, na Mtoni, karibu na mto Kizinga unapokaribia bahari, kabla ya kufika Pugu Kinyamwezi. Kila zilipohama, moshi na malori vilihama nazo, lakini taka zilizokwisha kumwagwa zilibaki zikioza na kutoa maji yake kuelekea mito na visima vilevile. Kwa hiyo mtu anayezungumza kuhusu kusafisha maji ya dampo anazungumza pia kuhusu madampo ambayo mji umekwisha kuyasahau.

Sasa tuyatazame madini yenyewe. Zeolaiti ni fuwele zenye vijishimo na njia nyembamba ndani yake, na muundo wake una chaji hasi inayosawazishwa na ioni, yaani chembe ndogo zenye chaji ya umeme, ambazo hapa zina chaji chanya, kama sodiamu, potasiamu na kalisi, ambazo hazikufungwa imara. Maji yenye amonia yanapopita, ioni ya amonia huingia na ioni nyingine hutoka. Aina inayoitwa klinoptilolaiti ina upendeleo maalumu kwa amonia, jambo ambalo wanakemia wamelijua tangu miaka ya 1960. Bentonaiti nayo hubadilishana ioni kati ya matabaka yake membamba. Kaolini hufanya hivyo kwa unyonge, kwa sehemu ndogo tu ya uwezo wa bentonaiti. Mfano wa daladala unatosha kueleza kinachotokea: viti ni vya kuhesabika, abiria wa amonia anakaa pale tu mwingine anaposhuka, na katika maji ya dampo kituo kimefurika abiria wengine, yaani sodiamu, potasiamu na kalisi, wanaogombea viti vilevile. Kwa sababu hiyo sampuli iliyotengenezwa maabara kwa kuyeyusha chumvi ya amonia katika maji safi huonyesha matokeo mazuri kuliko maji yaliyochotwa dampo, na taarifa nyingi zinazosambaa haziwaambii wasomaji ni maji ya aina gani yaliyopimwa.

Asilimia nayo inahitaji kuulizwa maswali. Jaribio la kawaida huchukua chupa ya maji, likatia gramu kadhaa za unga wa madini, likatikisa kwa saa kadhaa, kisha likapima kilichobaki. Ukitia gramu 50 katika kila lita utapata asilimia nzuri. Ukitia gramu 100 utapata nzuri zaidi. Lakini gramu 50 kwa lita ni kilo 50 kwa kila mita ya ujazo ya maji. Tena unga huo laini, ambao eneo lake kubwa la nje ndilo linaloufanya ufanye kazi haraka ndani ya chupa, hauwezi kutumika katika kichujio halisi kwa sababu utaziba. Huko zinahitajika punje za milimita moja hadi tatu, ambazo hunasa polepole zaidi. Na tukikubali asilimia 90 ilivyo, maji yaliyoingia na miligramu 1,000 za amonia kwa lita yatatoka na miligramu 100. Katika joto letu, na kwa maji yenye pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 8 au zaidi, kiasi hicho bado kinaua samaki. Asilimia inaeleza kilichoondoka, wakati mto unaathiriwa na kilichobaki.

Naomba msomaji anivumilie katika hesabu moja, kwa sababu mjadala mzima umekosa hesabu. Tuchukue dampo la mfano la hekta 10 lisilofunikwa, mahali penye mvua ya milimita 1,100 kwa mwaka, ambayo ni takribani mvua ya Dar es Salaam. Eneo hilo hupokea mita za ujazo 110,000 za mvua kwa mwaka. Theluthi moja tu ikipenya, tunapata wastani wa mita za ujazo 100 za maji ya dampo kila siku. Kwa amonia ya miligramu 1,000 kwa lita, hiyo ni kilo 100 za amonia kwa siku. Klinoptilolaiti nzuri, katika mazingira halisi yenye ioni nyingi zinazoshindana, tukiihesabia kwa ukarimu, itanasa gramu 10 kwa kila kilo ya madini. Kwa hiyo zitahitajika tani 10 za madini kila siku: lori moja kamili linaloingia, na lori jingine linalotoka na madini yaliyoshiba, Jumapili na sikukuu zikiwemo, tani 3,650 kwa mwaka. Hata kama madini hayo yangetolewa bure machimboni, gharama ya kuyachimba, kuyasaga, kuyachekecha, kuyasafirisha na kuyatafutia mahali pa kuyatupa ingeielemea halmashauri yoyote ninayoijua.

Tubadilishe utaratibu. Tulifunike dampo hilo kwa udongo mfinyanzi ulioshindiliwa, tuliwekee mteremko na mifereji, maji yapungue hadi mita za ujazo 20 kwa siku. Maji machache yatakuwa makali zaidi, kwa hiyo tuchukulie amonia inapanda maradufu hadi miligramu 2,000 kwa lita. Jumla inakuwa kilo 40 kwa siku. Tuyapitishe katika bwawa linalopulizwa hewa, ambamo bakteria hubadili amonia kuwa naitrati, kazi wanayoifanya vizuri katika joto la pwani kuliko katika baridi ya Ulaya. Wakiondoa asilimia 95, zinabaki kilo 2. Hapo ndipo tuweke zeolaiti. Kwa kuwa maji sasa ni mepesi, uwezo wake wa kunasa kwa kila kilo utashuka, tuseme hadi gramu 5. Tunahitaji kilo 400 kwa siku, yaani takribani tani 146 kwa mwaka. Mahitaji ya madini yamepungua mara 25, na maji yanayotoka sasa yanaweza kufikia kiwango ambacho mto unakivumilia. Namba hizi ni za mfano, na kila dampo litakuwa na zake, lakini tofauti kati ya mpangilio wa kwanza na wa pili ni kubwa mno kuweza kufutwa na marekebisho ya kawaida ya makadirio.

Uzoefu wa mahali pengine unakubaliana na hesabu hii. Kituo cha kusafisha maji taka cha Tahoe-Truckee, California, kilichoanza kazi mwaka 1978, kilitumia klinoptilolaiti kuondoa amonia, kikiyaosha madini kwa maji ya chumvi na kuigeuza amonia kuwa mbolea ya salfeti. Kilikuwa kituo chenye wataalamu na fedha, na kilihudumia maji taka ya majumbani, ambayo amonia yake ni ndogo mara nyingi kuliko ya dampo. Hata hivyo baadaye kiliachana na njia hiyo na kuhamia kwenye bakteria. Kwa upande mwingine, huko West Valley, jimbo la New York, mwaka 2010 uliwekwa ardhini ukuta wa zeolaiti wenye urefu wa zaidi ya mita 250, ili kunasa stronshiamu yenye mionzi katika maji yanayopita chini ya ardhi. Fukushima, Japani, zeolaiti ilitumika mwaka 2011 kunasa sisiamu yenye mionzi. Katika hali hizi mbili za mwisho sumu ilikuwa ya hatari kubwa lakini kwa uzito ilikuwa ndogo sana, na madini yaliyotumika yanaipendelea kuliko ioni nyingine. Hayo ndiyo mazingira ambamo zeolaiti haina mpinzani. Maji ghafi ya dampo yana sifa zinazokaribia kuwa kinyume cha hayo.

Wanaotetea matumizi ya madini wana hoja ambazo sitazipuuza. Ya kwanza ni umeme. Kichujio cha punje za mawe kinaendeshwa na mteremko wa ardhi. Hakikatiki umeme unapokatika, na hakihitaji fundi wa kuagizwa kutoka nje. Ya pili ni fedha za kigeni, kwa kuwa madini ya nyumbani hulipiwa kwa shilingi. Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: bakteria ni viumbe hai, na wakipatwa na mshtuko, kwa mfano mafuta machafu au kemikali iliyomwagwa dampo usiku, hufa na kuchukua wiki kadhaa kurudi, ilhali madini hayafi. Nakubaliana na hoja hii ya tatu kikamilifu, na ndiyo sababu nataka kitanda cha madini kiwepo baada ya bwawa la bakteria, kiwe kinga ya siku ambazo bwawa limeyumba. Hoja ya umeme nayo ni ya kweli, ila ukubwa wake umetiwa chumvi. Kubadili kilo moja ya amonia kuwa naitrati kunahitaji takribani kilo 4.6 za oksijeni, na kipulizio cha kawaida hutoa kilo moja au zaidi kidogo kwa kila uniti ya umeme. Kwa kilo 38 ambazo bakteria wangeshughulikia katika mfano wetu, ni takribani uniti 150 kwa siku. Halmashauri inayomudu kuwasha taa za barabarani inamudu uniti 150. Na pale ambapo ardhi ipo, mabwawa ya matete yanaweza kuchukua sehemu ya mzigo huo, kuendelea kupunguza uchafu na kuondoa naitrati bila kipulizio. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na utafiti wa mabwawa ya aina hiyo tangu miaka ya 1990, na ujuzi huo haupaswi kubaki kwenye makabati.

Hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayopendwa zaidi, ni ile isemayo kwamba madini haya ni ya asili na kwa hiyo hayana madhara. Inahitaji kukataliwa waziwazi, kwa sababu katika ukanda wetu inaweza kuua. Miongoni mwa zeolaiti kuna moja iitwayo erionaiti, ambayo fuwele zake ni nyuzi nyembamba kama za asbesto. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Katika vijiji vya Karain na Tuzköy, eneo la Cappadocia nchini Uturuki, ambako nyumba zilijengwa kwa mawe yenye madini hayo, saratani ya utando wa mapafu iliua watu kwa kiwango ambacho hakijaonekana karibu popote pengine duniani. Majivu ya volkeno yaliyoangukia maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa yalibadilika kwa maelfu ya miaka na kuwa zeolaiti za aina mbalimbali, na erionaiti ni mojawapo; wanajiolojia wameieleza kwa kina katika matabaka ya Ziwa Magadi, Kenya, na inajulikana pia katika matabaka ya Olduvai. Haimaanishi kwamba kila zeolaiti ya Afrika Mashariki ina sumu. Inamaanisha kwamba hakuna tani hata moja inayopaswa kusagwa na vijana wasiovaa barakoa kabla ya sampuli zake kuchunguzwa kwa miale ya eksirei na kwa hadubini, ili ijulikane ni zeolaiti ipi. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, ipo Dodoma, na kuchunguza miamba ndiyo kazi yake. Neno asili halithibitishi usalama wa kitu. Metali ya risasi ni ya asili, na floraidi iliyoharibu meno na mifupa ya watu wa Arusha na Kilimanjaro inatoka kwenye miamba ya asili.

Nimeitaja floraidi kwa sababu ni mfano wa karibu wa kunasa uchafu kwa kitu rahisi kinachopatikana nyumbani. Kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuondoa floraidi katika maji ya kunywa kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Njia hiyo inafanya kazi. Inafanya kazi kwa sababu maji ya kunywa ya kaya moja ni ndoo chache, uchafu unaoondolewa ni miligramu chache kwa lita, na mtu anayekunywa maji hayo ana sababu ya kukumbuka kubadilisha mkaa. Wanaouleta mfano huu kuthibitisha kwamba tunaweza kufanya vivyo hivyo kwenye dampo hawajatazama sharti hata moja kati ya hayo matatu.

Watu wengi pia wameniuliza kuhusu kaolini ya Pugu, na swali lao lina mantiki: vilima vya Pugu vina hazina kubwa ya kaolini inayojulikana tangu zamani, na dampo kuu la jiji liko eneo hilohilo. Ukaribu huo unavutia kuliko unavyosaidia. Kaolini ni dhaifu katika kunasa amonia, na asidi za humasi, zenye chaji hasi kama uso wa udongo wenyewe, hazivutwi nayo kwa kiasi cha maana. Inawezekana kuichoma kwenye joto la nyuzi 600 hadi 700 na kuichanganya na soda kali ili iwe zeolaiti ya kutengenezwa, lakini hapo tunazungumza kuhusu kiwanda, nishati na kemikali, na lile neno rahisi limekwisha kutoweka. Udongo wa eneo hilo unaweza kuwa na thamani kubwa zaidi ukitumika kufunika taka, endapo vipimo vitaonyesha kwamba ukishindiliwa unazuia maji vya kutosha. Kazi hiyo haina mvuto wa teknolojia mpya, na hakuna atakayeiandikia taarifa, lakini tani moja ya udongo unaozuia mvua kuingia inaokoa mto kwa miaka, wakati tani moja ya udongo unaotegemewa kunasa amonia hushiba ndani ya siku.

Kuhusu metali, kuna kutoelewana kwa aina nyingine. Utafiti wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa uliotolewa mwaka 2007 kuhusu Dandora, Nairobi, uliwapima watoto 328 wa maeneo ya karibu na dampo na kukuta karibu nusu yao wakiwa na risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kuzidi mikrogramu 10 kwa desilita. Matokeo haya ya kuhuzunisha hutajwa mara kwa mara kama sababu ya kuweka vichujio vya madini kwenye maji ya dampo. Lakini katika lundo lililokwisha kukosa hewa, metali nzito nyingi hugandamana na salfaidi na kaboneti na kubaki ndani. Kiasi kinachotoka na maji mara nyingi ni kidogo ikilinganishwa na amonia. Watoto wanaoishi kando ya dampo la wazi hukutana na risasi zaidi katika vumbi, moshi wa taka zinazochomwa, na udongo wanaouchezea. Kichujio mwishoni mwa bomba hakiwagusi watoto hao. Kama tunataka madini yawasaidie, tuangalie udongo wenyewe: mawe ya fosfeti, kama ya Minjingu, hufunga risasi katika umbo lisiloyeyuka kwa urahisi, na hilo ni eneo la utafiti linalostahili fedha. Kwanza kabisa, hata hivyo, moto uzimwe na taka zifunikwe.

Upande wa pili wa mjadala wako wanaosema tuachane na mawe na tununue mitambo ya utando, inayosukuma maji kwa shinikizo kubwa kupitia chujio lisiloruhusu hata chumvi kupita. Ni kweli kwamba maji yanayotoka kwenye mitambo hiyo ni safi kuliko ya njia nyingine yoyote, na kwa kloridi na kemikali sugu za viwandani, ambazo zeolaiti haizigusi, ndiyo njia ya uhakika. Tatizo ni kwamba haiharibu kitu. Uchafu wote hubaki katika maji machache mazito, mara nyingi asilimia 15 hadi 30 ya yaliyoingia, na katika madampo mengi hurudishwa juu ya taka, ambako huanza safari upya. Utando nao huziba na hubadilishwa kwa fedha za kigeni. Kwa dampo linalopokea taka za viwandani, lenye mkataba wa matengenezo uliolipiwa, ningeukubali. Kwa dampo la manispaa ambalo hata tingatinga lake hukosa mafuta, mtambo huo utasimama.

Swali la madini yaliyoshiba halijajibiwa na pande zote mbili. Mara nyingi hupendekezwa kwamba zeolaiti iliyojaa amonia iuzwe kama mbolea inayoachia rutuba polepole. Kwa zeolaiti iliyosafisha maji ya mabwawa ya samaki au ya mazizi ya ng'ombe, wazo hilo ni zuri. Kwa zeolaiti iliyokaa katika maji ya dampo linalopokea betri, rangi na mabaki ya hospitali, ni wazo ambalo halipaswi kufika kwenye bustani za mchicha za bonde la Msimbazi bila kila shehena kupimwa metali na kemikali sugu. Na ikioshwa kwa chumvi ili itumike tena, maji ya kuoshea yatakuwa na chumvi na amonia nyingi kuliko yaliyoingia, na yanahitaji mahali pa kwenda.

Haya yote yana maana ya haraka, kwa sababu fedha zinatumika sasa. Miji kadhaa ya Tanzania tayari ina madampo ya kisasa yaliyojengwa chini ya mradi wa miji mikakati, kama Chidaya mjini Dodoma, Muriet mjini Arusha na Buhongwa jijini Mwanza, na awamu ya pili ya DMDP, mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, inajumuisha taka ngumu. Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inayozitaka kaunti zibadili namna zinavyofanya kazi. Katika zabuni zinazokuja, mzabuni anayeleta madini asilia asikubaliwe kwa asilimia ya chupani. Aonyeshe jaribio la safu, ambamo maji halisi ya dampo husika hupitishwa katika punje zilezile atakazozileta, hadi madini yashibe na amonia ianze kupenya, ili uwezo ujulikane kwa gramu kwa kilo. Aonyeshe uchunguzi wa aina ya madini na tamko kwamba hayana erionaiti. Aeleze matope na chokaa vitazuiwaje kuziba kitanda. Aonyeshe madini yaliyoshiba yatakwenda wapi na nani atalipa, kwa miaka yote ya mkataba.

Halmashauri nazo zina wajibu wa kuanza na kitu ambacho hakuna mzabuni atakayekileta: kipimo cha maji. Madampo mengi ya zamani hayana namna ya kujua ni mita ngapi za ujazo zinatoka wakati wa masika na ngapi wakati wa kiangazi, na bila namba hizo kila mtambo, uwe wa mawe, wa bakteria au wa utando, unanunuliwa kwa kubahatisha. Kingo ndogo ya zege yenye tundu la kipimo, pipa la mvua na daftari linalojazwa kila asubuhi kwa mwaka mzima ni gharama ndogo kuliko lori la kwanza la zeolaiti. Mwaka huohuo unatosha kuanza kufunika miteremko ya zamani na kuchimba mifereji ya kuyakwepesha maji ya mvua, kazi ambayo inapunguza amonia inayofika mtoni na pia inapunguza maji yanayolowesha lundo kutoka ndani na kulifanya lilegee. Kiteezi liliporomoka baada ya mvua kubwa, na hakuna kichujio kilichowekwa mwishoni mwa bomba ambacho kingeweza kulizuia.